Malaria haizoei dawa, na Spore si mageuko

Najua nimepotea wiki tatu bila kuandika kitu hapa, na kuna walioanza kusambaza kwamba nimedisko. Sijadisko (bado). Nilikuwa likizo nyumbani Itaka, na kule nyumbani kwetu mtandao unaupata ukipanda juu ya kichuguu, ukishuka umekatika. Siku ya pili nikachoka kupanda kichuguu, nikaiweka simu kabatini, nikaenda shamba la kahawa na mzee.

Sasa nimerudi hosteli. Chumba kile kile, vitanda vinne, watu sita, na sikumaliza siku mbili kabla ya kugombana na mtu. Ugomvi wenyewe ndio mada ya leo, kwa hiyo vuta kiti.

Mtu mwenyewe ni jamaa wa kitanda cha juu, anasoma uhasibu. Kapata mahali gemu ya zamani inaitwa Spore, kaiweka kwenye laptopu, na Jumamosi nzima hakwenda hata kula. Anaanza na kidudu kwenye maji, anakiongezea macho, anakiongezea miguu, kinapanda nchi kavu, kinaunda kabila, kinajenga mji, mwisho kina chombo cha kuruka kwenye nyota. Kufika jioni akanigeukia: "Nyie mnapiga msuli bure kwenye kimbweta, mageuko yote yako humu ndani. Mtu anapanda leveli tu." Nikamwambia hayo si mageuko. Akasema nina wivu kwa sababu gemu yangu mimi ni vidoti tu. Hilo la vidoti ni kweli, nitalifikia. Lakini la kwanza si kweli, na si jambo dogo kama anavyodhani.

Nianze kwa kusifia, mtu asije akasema naponda tu. Spore ilitoka Septemba 2008, kazi ya Maxis ya Will Wright, yule yule wa SimCity (1989) na The Sims (2000). Kuna kitu mle ndani ambacho mimi kama mtu wa kompyuta nawavulia kofia mpaka kesho. Unamchora mnyama utakavyo, miguu mitano, shingo ya twiga, mdomo tumboni, halafu anasimama na kutembea! Hakuna mchoraji aliyekaa kuchora mwendo wa mnyama wa miguu mitano mwenye mdomo tumboni. Programu inapima viungo ulivyoweka na kuutunga mwendo palepale. Na mnyama mzima anahifadhiwa ndani ya picha ndogo ya makumi ya kilobaiti, unamtumia rafiki yako, kwake anafufuka.

Ujanja huu wa kuacha kanuni itengeneze ulimwengu, badala ya binadamu kuuchora kipande kwa kipande, ni wa zamani kuliko wengi wetu humu. Mwaka 1984 Waingereza wawili, David Braben na Ian Bell, walitoa gemu ya anga inaitwa Elite kwenye kompyuta ya BBC Micro. Kumbukumbu ya kompyuta ile ilikuwa kilobaiti 32. Picha uliyojipiga jana pale kantini inaizidi mara mia. Lakini ndani yake kulikuwa na galaksi 8, kila galaksi ina nyota 256 za kutembelea, kila moja na jina lake, serikali yake na bei za bidhaa zake. Waliziweka wapi nyota 2,048? Hawakuziweka popote. Waliweka namba chache za kuanzia na kanuni ya kuzikoroga. Ukifika unapikiwa, ukiondoka sufuria inaoshwa. Ukirudi unapikiwa tena kile kile.

Namba hiyo ya kuanzia inaitwa mbegu. Wacheza Minecraft mnaijua: mnapeana mbegu, na mwenzako wa Dodoma anapata mlima ule ule na pango lile lile uliloanguka wewe. Mimi mtoto wa mkulima jina hili lilinichekesha, maana hakuna mbegu ya namna hiyo Itaka. Mbegu ya Minecraft ukiipanda mara elfu inatoa dunia ile ile mara elfu, mpaka kijiwe cha mwisho. Ya mahindi ya dukani, ile ya chotara, ukithubutu kupanda tena ulichovuna utaona vituko: bua moja refu kama mlingoti, la pembeni limegoma magotini, gunzi lingine lina punje kama meno ya kikongwe. Mzee huwa anasema chotara hairudiwi. Kwenye shamba kila punje ni habari mpya, na nyingi ya habari hizo ni mbaya. Shikilieni hapo, kwamba nyingi ni mbaya, tutarudi.

Kuna kisa cha Elite ninachokipenda. Mwanzoni wale vijana walitaka galaksi matrilioni kwa matrilioni, hesabu yao ilikuwa inaruhusu kabisa. Wachapishaji wao, Acornsoft, wakawaambia punguzeni. Zikiwa nyingi hivyo mchezaji atastukia kwamba zinafanana. Kwa hiyo 1984 ugonjwa ulishajulikana. Ikaja 2016, Hello Games wa pale Guildford wakatoa No Man's Sky yenye sayari 18,446,744,073,709,551,616. Sikukosea kuandika, hiyo ni mbili kujizidisha mara 64. Watu wakafurahi wiki moja, ya pili wakaanza kulalamika kwamba wakishaona sayari ishirini wamezimaliza zote. (Kwa haki niseme kampuni haikukimbia. Imeongeza mambo mwaka hadi mwaka na gemu ya leo ni nyingine kabisa.) Kate Compton, mmoja wa waliotengeneza sayari za Spore, ana mfano wake maarufu wa bakuli elfu kumi za uji. Kihesabu kila bakuli ni tofauti, punje hazijakaa sawa hata mara moja, lakini wewe mnywaji unaona nini? Uji. Sisi tuliosoma bweni mfano huu hatuhitaji kufafanuliwa.

Sasa basi. Ukichanganya karata unapata mpangilio mpya, hupati karata mpya. Hilo ni sawa, si kosa, na gemu nyingi nzuri zimejengwa juu yake. Ugomvi wangu unaanza pale mtu anapochanganya karata na kuniambia ameonyesha mageuko.

Angalia kinachotokea kwenye Spore. Unakusanya viungo njiani, unalipa kwa pointi za DNA, unaita mchumba, mnataga yai, halafu WEWE unakaa kwenye meza ya ufundi na kumbadilisha mtoto unavyopenda. Kesho akiliwa na adui? Anatoka tena kwenye kiota, mzima, na viungo vyake vyote. Hakuna ukoo uliokatika. Hakuna aliyezaliwa na mguu wa ajabu akaonekana hafai. Na njia ni moja tu, kwenda juu: maji, nchi kavu, kabila, mji, nyota. Mwaka ule ule wa 2008 jarida la Science lilikaa na wanasayansi kuipima gemu hii kama mtihani, na kwenye somo la mageuko ikafeli. Si sapu, ni F.

Jamaa wa kitanda cha juu anajibu: sasa nani atanunua gemu ambayo mnyama wake anakufa bila kosa? Swali zuri. Lakini walishanunua. Mwaka 1996 Mwingereza Steve Grand alitengeneza gemu inaitwa Creatures, yenye vijinyama vinaitwa Norn, vina jeni, vina ubongo mdogo wa kompyuta, vinazaliwa, vinapata magonjwa, vinazeeka na kufa, na watoto wanarithi kutoka kwa wazazi wawili pamoja na makosa ya kunakili. Watu wakavipenda kama kuku wao. Kufa hakukuwazuia.

Kabla yake kuna Richard Dawkins. Wengi mnamjua kwa ubishi wake na watu wa dini, mimi leo sina shida hiyo. Nilichofurahia ni kwamba alizaliwa Nairobi mwaka 1941 na utoto wake wa mwanzo ulikuwa Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, ng'ambo ya mto Songwe kwetu. Mwaka 1986, alipoandika kitabu cha The Blind Watchmaker, alitengeneza programu inayochora vijimti kwenye skrini. Mzazi mmoja katikati, watoto wamemzunguka, kila mtoto ana tofauti ndogo. Unamchagua mmoja, huyo anakuwa mzazi, wengine wanafutika. Vizazi kadhaa baadaye una kitu kinachofanana na mdudu, na hukukichora. Ulichagua tu. Nilipoisoma habari hii nikamkumbuka bibi, Mungu amrehemu, anavyokaa na rundo la mahindi baada ya mavuno, anageuza gunzi moja moja, mengi anatupa upande wa kula, machache anayafunga kwa maganda na kuyaning'iniza juu ya moto yapigwe moshi. Hayo ndiyo mbegu ya mwaka ujao. Bibi hakuwahi kuongeza punje hata moja kwenye gunzi. Kazi yake yote ilikuwa kukataa.

Halafu kuna wale walioondoa hata mkono wa bibi. Mwaka 1994 Mmarekani Karl Sims alichukua viboksi vilivyounganishwa kwa viungo, akaviacha vizaliane ndani ya kompyuta kubwa: anayekwenda mbali anazaa, asiyekwenda anafutwa. Wakatokea waogeleaji wanaojinyonganyonga kama nyoka, hakuna aliyewafundisha. Alipopima mwendo wa nchi kavu wakatokea wajanja zaidi. Hawatembei, ni warefu tu kama mnazi, wanaanguka chali. Kuanguka nako ni mwendo! Ilibidi afunge mwanya huo. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tom Ray, mtu wa misitu ya tropiki, alitengeneza Tierra, ulimwengu wa vijiprogramu vinavyojinakili. Cha kwanza kilikuwa na maagizo 80, alikiandika mwenyewe. Hakukaa sana, kikatokea cha maagizo 45 kisichoweza kujinakili, kinaiba mashine ya kunakilia ya jirani. Kupe. Hakuna aliyemwandika kupe.

Hizo ndizo karata mpya, jamaa yangu. Zimekuja kwa njia moja: kunakili kwa makosa, halafu wengi kufa. Kifo ukikitoa unabaki na bakuli la uji.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema haya ni mabishano ya watoto wa chuo. Ngoja nitoke kwenye gemu kidogo, nitarudi.

Sisi sote tunasema malaria "imezoea" dawa. Daktari anasema, muuza duka la dawa anasema, redio inasema. Wadudu wa mahindi wamezoea sumu. Ukilisikiliza vizuri hilo neno, ni Spore mtupu. Mdudu mmoja anapigwa na dawa, anavumilia, anajiongezea kiungo, kesho dawa haimuwezi, amepanda leveli. Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanasema MWILI wangu umezoea dawa.

Klorokwini ilivyokuwa inafanya kazi ni hivi. Kimelea cha malaria kinakula damu yako, na damu ile ina taka yenye sumu ambayo lazima kiifungefunge ndani ya mfuko wake wa chakula isikidhuru. Klorokwini inajaa mle mfukoni na kuzuia kazi ya kufunga taka. Kimelea kinakufa kwa uchafu wa chakula chake. Sasa kati ya mabilioni kwa mabilioni ya vimelea, kulitokea vyenye hitilafu kwenye jeni moja ya ukuta wa ule mfuko, na ukuta wenye hitilafu unaitoa klorokwini nje. Havikujifunza. Vilizaliwa hivyo kwa kosa la kunakili. Dawa ilipopita ikaua wenzao wote, nyumba ikabaki yao, wakazaa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walionekana kwenye mpaka wa Thailand na Kambodia, na kufika mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa Afrika Mashariki. Wanaosumbua kwetu ni uzao wa wale wa Asia, jeni zimepimwa. Hakuna mgonjwa wa Tanzania aliyewazoesha.

Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001, ikaingia SP. SP nayo ikachoka, mwishoni mwa 2006 tukaanza kuhamia dawa ya mseto tunayomeza mpaka leo. Malawi waliwahi. Waliiacha klorokwini mwaka 1993, wa kwanza Afrika. Na hapa ndipo hadithi inaponiua. Vimelea vyenye ule ukuta wa hitilafu vikaanza kupungua Malawi, mwaka hadi mwaka, mpaka kufika 2001 vikawa havionekani kwenye vipimo. Watafiti wakajaribu klorokwini kwa watoto wa Blantyre, matokeo yakatoka mwaka 2006: watoto 80 walipewa, 79 wakapona. Dawa iliyokuwa imekufa!

Kwa nini? Kwa sababu ule ukuta mbovu una gharama. Unaitoa dawa nje, sawa, lakini kazi nyingine za mfuko unazifanya vibaya. Dawa ikiwepo, mwenye ukuta mbovu ni mfalme. Dawa ikiondoka, ni kilema anayeshindana na wazima. Kwenye Spore kitu hiki hakiwezekani, kwa sababu leveli hazishuki. Kwenye maisha hakuna leveli, kuna mazingira na bei. (Msikimbilie kununua klorokwini tafadhali. Simameni kwenye mseto, na mpime kwanza.)

Basi mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni huo. Gemu ya malaria. Vidoti kwenye skrini ni vimelea, mchezaji ni daktari wa mkoa, ana dawa tatu na bajeti ya kijinga. Kila kidoti kina namba zake, kinazaa nakala yenye makosa madogo, dawa inaua visivyoweza. Mimi siamui nani aokoke.

Jaribio la kwanza vidoti vyote vilikufa kwenye dakika ya pili na gemu ikaisha. Nikaongeza idadi. Jaribio la pili vikageuka vyekundu vyote (nyekundu ni sugu) na havikurudi tena hata nilipoondoa dawa. Nikakaa siku nne nikitafuta kosa kwenye kodi, kumbe kosa ni langu la kichwani: nilisahau kuweka bei. Kuwa sugu kulikuwa bure. Yaani mimi mwenyewe, ninayemcheka jamaa wa juu, nilikuwa nimeandika Spore. Nikaweka bei. Jaribio la tatu, vidoti vikajazana kwenye ukingo wa skrini vimetulia tuli kama abiria wanaongoja basi. Nikashangaa. Kumbe kodi yangu ilikuwa inanyunyiza dawa ndani ya mipaka tu, pikseli za pembeni kabisa haizifikii, na visivyotembea pale vilikuwa vinazaa vizuri. Nilicheka peke yangu saa nane usiku mpaka nikatukanwa na chumba kizima. Karl Sims na mnazi wake, mimi na abiria wangu.

Nikampelekea msimamizi wangu (jina nalihifadhi, nataka kuhitimu). Akaangalia dakika tatu. Akasema wazo zuri lakini halivutii, jopo linataka kuona rangi na miguu. Akashauri niondoe "hayo mahesabu ya kufa", niweke rendamu, kila dakika mbili vidoti vibadilike umbo na kuwa sugu zaidi, niite mageuko. "Nani atajua tofauti?" Hakuwa na nia mbaya, ana wanafunzi wengi na mimi niko nyuma ya ratiba. Wiki moja nilikuwa nimekubali. Kodi ya rendamu ni mistari kumi na moja, nimeshaiandika, iko hapa.

Halafu nikaenda Itaka nayo.

Jioni moja tulikuwa jikoni na mama, mzee yuko kikao cha chama cha msingi. Akaniuliza hicho kitu kinachonikondesha ni nini. Nikafungua laptopu, chaji asilimia 40. Nikamwonyesha vidoti. Mama aliishia la saba, lakini kuangalia anajua.

"Hivi vyekundu ni vipi?"

"Ni vile dawa haiviui, mama."

"Vimetoka wapi? Mwanzo havikuwepo."

"Vilikuwepo. Vichache." Nikarudisha nyuma nikamwonyesha vitatu, kati ya mia tano.

Akanyamaza. Mimi nilijua anamwaza nani. Mimi si wa kwanza kwetu. Kulikuwa na kaka yangu ambaye sikumkuta. Alikuwa na miaka minne, wameenda Kamsamba kwa shangazi, bondeni kule kwenye joto na mbu, masika ya mwaka 2000. Alipewa klorokwini dozi nzima. Hakufika siku ya tano. Waliambiwa malaria yake imezoea dawa. Hiyo sentensi nimeisikia nyumbani tangu nina akili, na siku zote nilidhani naijua maana yake.

Mama akasema, anaangalia moto, haniangalii mimi: "Nilikuwa nampa nusu kidonge kila akichemka. Tangu ana mwaka. Nilikuwa nasaga kwenye uji. Nikajua ni mimi niliyemzoesha."

Miaka yote hiyo, wadau. Tangu kabla sijazaliwa.

Sikuwa na hotuba. Nikaanzisha gemu upya, nikamwonyesha kwamba vile vitatu vilikuwa vyekundu kabla sijabonyeza kitufe cha dawa hata mara moja. Nikamwambia mwili wa mtoto hauzoei klorokwini, mama, anayebadilika si mgonjwa. Vimelea vilivyoingia kwa kaka vilikuja na mbu vikiwa hivyohivyo, vimetoka kwa watu wengi ambao hatutawajua. Akaniuliza kama wangechelewa kidogo au wangewahi kidogo ingekuwaje. Nikamwambia hilo sijui. Akataka kuona tena. Tukaendesha tena. Akaniuliza na hii ya mseto je, nayo vipo vyekundu vyake? Nikamwambia vipo, vimeshaonekana Rwanda na Uganda, na hapa kwetu Kagera. Akaniambia nibonyeze dawa ya pili nione. Tukaendesha mpaka chaji ikaisha.

Ndiyo maana sikubali tena kwamba ni gemu tu. Mtu akiamini mdudu anajipandisha leveli mwenyewe, au mwili unazoea, basi dozi ni jambo lake binafsi: anameza vidonge viwili, akijisikia nafuu anamwekea jirani vilivyobaki. Akiona vidoti vitatu kati ya mia tano anaelewa kwamba anapoacha dozi njiani anachagua nani abaki, na hawabaki kwake, wanapanda mbu wanakwenda kwa jirani. Rendamu haiwezi kumwonyesha hilo. Rendamu ingemwambia mama yangu kwamba ilitokea tu.

Mstari wa kumi na moja nimeufuta leo asubuhi, na kumi vya juu yake. Msimamizi bado sijamwambia. Wasilisho ni Alhamisi saa nne, na vidoti vyangu ni vidoti, havina miguu. Jamaa wa kitanda cha juu kajitolea kunichorea rangi, kwa sharti nisiiguse Spore yake kwenye maandishi. Amechelewa.

Mwenye chaja ya laptopu ya pini nyembamba anisaidie mpaka Alhamisi. Yangu nimeifunga kwa raba ya mpira wa baiskeli, ukipumua inakata.